Mkeka Uliochanika kwa Mechi Moja: Ubongo Unavyopima Nafasi ya Kushinda

Jumapili asubuhi, vijiwe vya bodaboda kuanzia Mwanjelwa jijini Mbeya hadi Mashine Tatu pale Iringa huwa na mada moja: mkeka wa nani umechanika, na ni mechi gani iliyouchana. Mkeka ni orodha ya mechi ulizozibetia pamoja kwa dau moja: zote zikija ulivyotabiri umetiki, yaani umeshinda, na ikikosea hata moja umechanika. Sentensi inayosikika kuliko zote ni "nimekosa moja tu." Anayeitamka anaamini kwamba amekaribia kushinda. Anayemsikiliza, hasa akiwa mzazi au mwenye nyumba anayesubiri kodi, anaamini kijana huyu ana kasoro kichwani. Wote wawili wamekosea, na chanzo ni kimoja: hawajui ubongo unapima kitu gani pale mtu anapoweka hela yake kwenye bahati.

Kwanza maneno. Dau ni hela unayoweka. Odi ni ile namba iliyo pembeni ya timu. Ukiizidisha kwa dau unapata malipo yako kabla ya kodi. Nafasi ni mara ngapi jambo lingetokea kama lingerudiwa mara nyingi, hivyo nafasi ya asilimia 60 maana yake ni takriban mara 60 katika kila 100. Tarajio ni makisio ambayo ubongo wenyewe unayabeba, uwe umeyafikiria au hujayafikiria. La mwisho ndilo lisiloandikwa kwenye mkeka wowote: mshangao, yaani tofauti kati ya ulichotarajia na ulichopata. Ubongo haupimi nafasi moja kwa moja. Unapima mshangao, kisha unakisia nafasi kutokana nao.

Mchukue mfanyabiashara anayenunua viazi Uyole na kuvipeleka sokoni. Anatarajia gunia limpe shilingi 60,000, anauza 80,000. Mshangao ni 20,000 kwenda juu. Hawezi kubadili makisio yake yote kwa siku moja, kwa hiyo anachukua sehemu tu, tuseme moja ya tano, na kesho anafika sokoni akitarajia 64,000. Akiuza 64,000 kamili, hakuna mshangao na hakuna jipya la kujifunza. Akiuza 54,000, mshangao ni 10,000 kwenda chini, naye anashusha tarajio kwa 2,000. Hapo hakuna kalamu wala karatasi. Kichwa chenyewe kinafanya. Mwaka 1972 Robert Rescorla na Allan Wagner, wanasaikolojia wa Marekani, waliiandika kanuni hii kwa hesabu walipokuwa wakieleza jinsi wanyama wanavyojifunza.

Miaka iliyofuata, Wolfram Schultz, mtafiti wa ubongo, alifika hadi kwenye seli zenyewe. Alipima seli za ubongo wa kima zinazotoa dopamini, kemikali ambayo seli hupashana nayo habari, huku akiwapa wanyama hao matone ya juisi. Tone likija bila kutegemewa, seli zilifyatuka kwa nguvu. Kima walipojifunza kwamba kuna ishara inayotangulia juisi, seli zilihamia kwenye ishara: zilifyatuka ishara ilipotokea, na juisi yenyewe ilipofika zikatulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Ishara ikija na juisi isije, seli zilishuka chini ya kiwango chake cha kawaida, wakati uleule ambao tone lilipaswa kufika. Mwaka 1997, Schultz pamoja na Peter Dayan na Read Montague walionyesha kwamba mwenendo huu unalingana na hesabu ya mshangao: zaidi ya tarajio, juu, sawa na tarajio, kimya, pungufu, chini.

Seli hizi ziko ndani sana, katika ubongo wa kati. Binadamu anazo laki kadhaa tu kati ya seli za neva zipatazo bilioni 86, lakini matawi yake hufika mbali: kwenye kiini cha ubongo panapojengwa mazoea, na kwenye sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, panapopangwa mambo ya kesho.

Hapa kuna uvumi mmoja wa kuondoa. Redioni na mitandaoni dopamini inaitwa kemikali ya furaha. Siyo. Kent Berridge na wenzake waliwaondolea panya karibu dopamini yote. Panya hao hawakuhangaika tena kutafuta chakula, lakini wakitiwa sukari mdomoni, nyuso zao zilionyesha kuwa wanaifurahia kama zamani. Dopamini inahusu kutaka na kujifunza, utamu una njia zake nyingine. Ndiyo maana unaweza kumkuta mtu amekaa mbele ya mashine ya sarafu saa tatu mfululizo, uso umekunjamana, wala hafurahii chochote, na bado mkono unarudi mfukoni kutafuta sarafu nyingine ya mia mbili.

Sasa turudi kwa muuza viazi tuone biashara yake inapotofautiana na kamari. Sokoni, kadiri anavyojifunza ndivyo mshangao unavyopungua. Baada ya misimu michache anajua kwamba mvua zikikatika Mei bei inakwendaje, na lori likikwama njiani inakuwaje. Kwenye kamari mshangao haupungui kamwe, kwa sababu matokeo hayatabiriki. Cheza mara kumi au mara elfu kumi, seli bado zitafyatuka na kushuka vilevile. Na kuna zaidi. Mwaka 2003 Christopher Fiorillo, Philippe Tobler na Schultz waliwapa kima ishara tofauti, kila moja na nafasi yake ya juisi: sifuri, robo, nusu, robo tatu, na uhakika. Kati ya ishara na matokeo, seli nyingi za dopamini zilionyesha mwako wa pili, wa polepole, uliopanda hadi dakika ya kujua. Mwako huo ulikuwa mkubwa zaidi pale nafasi ilipokuwa nusu kwa nusu, na haukuwepo kabisa pale palipokuwa na uhakika. Kwa hiyo kule kusubiri kwenyewe, dakika ya 88 timu yako ikiongoza kwa bao moja, tayari kuna kitu kinalipwa ndani ya kichwa kabla kampuni haijalipa shilingi.

Tuufungue mkeka basi. Umesuka mechi kumi, zote za timu zinazotegemewa kushinda. Tuseme kila moja ina nafasi ya kweli ya asilimia 60, na odi ni 1.55. Mkeka mzima una odi ya 1.55 ikizidishwa yenyewe mara kumi, ambayo ni kama 80. Dau la 1,000 linaahidi 80,000. Nafasi ya kutiki ni 0.6 ikizidishwa yenyewe mara kumi: 0.006, yaani mikeka 6 hivi katika kila 1,000. Ukiweka mmoja kila siku, kwa wastani utasubiri siku 165, utatoa 165,000, utapokea 80,000.

Hilo wengi wanaweza kulihesabu. Kinachofichika ni hiki. Katika mikeka hiyohiyo 1,000, karibu 40 itachanika kwa mechi moja tu, na nyingine kama 120 itachanika kwa mechi mbili. Kwa maneno mengine, "nimekosa moja tu" hutokea karibu mara saba zaidi ya kushinda. Haimaanishi kwamba ujuzi wako unapanda. Ni umbo la kawaida la mkeka wa mechi kumi, na yeyote anayesuka mikeka hivyo, hata akichagua kwa kufumba macho timu za nafasi hiyo, atapata mikosi ya namna hiyo kwa kiwango kilekile.

Ubongo lakini hauoni hivyo. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, waliwaweka watu ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo huku wakicheza mchezo unaofanana na mashine ya kamari. Picha ziliposimama hatua moja kabla ya ushindi, maeneo ya ubongo yanayoitikia ushindi wa kweli yaliamka. Wachezaji wenyewe walisema kukosa kidogo kunaudhi kuliko kukosa kabisa, na papo hapo, pale walipokuwa wamechagua picha wenyewe, walisema kunawaongezea hamu ya kuendelea. Kuudhika na kutaka zaidi, kwa wakati mmoja.

Mtu anaweza kuuliza ubongo umepata wapi upumbavu huo. Hauna upumbavu. Muuza viazi akipata mteja aliyeondoka kwa tofauti ya shilingi 2,000, kukosa huko ni habari muhimu: kesho apunguze kidogo, atauza. Katika kazi nyingi za maisha, kukaribia ni dalili kwamba uko njiani. Ubongo wa binadamu umekulia kwenye kazi za aina hiyo. Mkeka na mashine ya sarafu vinaazima dalili hiyo bila kuwa na njia yoyote nyuma yake.

Tatizo lingine linaanzia kwenye kumbukumbu. Ubongo hukisia nafasi ya jambo kwa kuangalia mifano inakuja kirahisi kiasi gani. Ile mikeka 6 iliyotiki utaiona yote kwenye status za WhatsApp, na kiasi kimezungushiwa duara jekundu. Ile 994 haipostiwi. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky, ambao mwaka 1979 walichapisha nadharia yao ya jinsi watu wanavyoamua penye hatari, walionyesha pia kwamba nafasi ndogo sana zikitajwa tunazipa uzito mkubwa mno. Kwa makisio waliyoyatoa mwaka 1992, nafasi ya asilimia 1 huingia kwenye uamuzi kana kwamba ni kama asilimia 5 na nusu. Kahneman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Tversky alikuwa ameshafariki tangu 1996. Jackpoti zote hula kwenye pengo hilo.

Tuje kwenye kindege, mchezo wa kubeti wa kwenye simu, kwa sababu ndiko vijana wengi walikohamia na ndiko kuna mkanganyiko mkubwa zaidi. Namba inayozidishwa kwa dau lako inapanda kutoka 1.00, na unatakiwa kutoa hela kabla haijakatika, la sivyo dau limekwenda. Chukua mchezo wa aina hiyo uliopangwa kurudisha asilimia 97. Kwa mpangilio uliozoeleka, nafasi ya kufika namba fulani ni 97 gawanya kwa namba hiyo: kufika 2.00 ni asilimia 48.5, kufika 10 ni asilimia 9.7. Kila raundi inachaguliwa peke yake, bila kuangalia iliyopita.

Uongo wa kwanza unahusu hiyo 97. Watu husikia kwamba ukiingia na 10,000 utaondoka na 9,700. La hasha. Asilimia 3 inakatwa kwenye kila dau, na hela ileile inazungushwa tena na tena. Raundi ni fupi; ukicheza tatu kwa dakika, kwa saa moja ni raundi 180. Kwa dau la 1,000 umezungusha 180,000, na wastani wa hasara ni 5,400, zaidi ya nusu ya mtaji ulioingia nao. Makato ni madogo, kinachomaliza mtu ni kasi. Na kasi hiyohiyo inazipa zile seli za mshangao matukio 180 kwa saa, wakati mechi ya timu ya Prisons pale uwanja wa Sokoine inatoa moja kwa dakika tisini.

Uongo wa pili: "kimekatika chini ya mbili mara tano, sasa lazima kipande." Raundi ya sita ina asilimia 48.5, kama ya kwanza. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, mpira wa ruleti, mchezo wa gurudumu lenye vyumba vyeusi na vyekundu, uliangukia weusi mara 26 mfululizo, na watu walipoteza hela nyingi mno wakiweka kwenye wekundu kwa hoja hiyohiyo. Anayetaka ushahidi wa karibu achukue sarafu, airushe mara 200 na kuandika. Zaidi ya mara tisa katika kila majaribio kumi ya aina hiyo, utakuta upande mmoja umejirudia mara sita au zaidi mfululizo. Mwambie mtu atunge orodha hiyo kichwani bila kurusha, na ni nadra athubutu kuandika upande mmoja mara sita. Macho yetu yanadhani bahati ni kupokezana.

Wa tatu ndio unaouma: kudabo dau kila unapoliwa, ili ushindi mmoja urudishe yote. Anza na 500. Ukiliwa mara saba mfululizo umeweka 500, 1,000, 2,000, 4,000, 8,000, 16,000 na 32,000. Jumla 63,500, na lengo lilikuwa kupata faida ya 500. Kuliwa mara saba mfululizo, ukilenga 2.00, kuna nafasi ya karibu asilimia 1. Maana yake utafanikiwa kwa wastani mara 103 na kukusanya 51,500 kabla ya ile moja inayochukua 63,500. Ubongo huupenda mtindo huu kwa sababu ushindi mdogo mwingi unapandisha tarajio hatua kwa hatua, kama zile 4,000 za gunia la viazi, na pigo kubwa likija linaonekana ni mkosi wa siku moja.

Kwa nini lakini mtu aliyeliwa asiondoke? Kwa mujibu wa Kahneman na Tversky, hasara huuma takriban mara mbili ya jinsi faida ya kiasi kilekile inavyofurahisha. Aliye kwenye hasara hajioni yuko sifuri. Anajiona yuko shimoni. Kila chenye nafasi ya kumrudisha juu anakikubali, hata kama ni hatari ambayo asubuhi angeikataa. Watu wa kijiweni wanaita "kurudisha hela." Dau la jioni la mtu huyo huwa kubwa kuliko la asubuhi.

Wapo wanaosema wao hawabahatishi, wanaujua mpira. Dai hili lina ukweli ndani yake, na si haki kulicheka. Anayefuatilia ligi yetu anajua timu ya Pwani ikipanda Mbeya mwezi Juni inakutana na baridi na hewa nyembamba. Shida ni kwamba anayepanga odi naye anajua, kisha anaongeza sehemu yake. Ipime hivi: gawanya 1 kwa kila odi ya mechi, jumlisha. Odi zikiwa 2.10, 3.20 na 3.40 unapata 0.476, 0.313 na 0.294, jumla 1.083. Ile 0.083 inayozidi moja ni ya kampuni. Ujuzi wako haushindani na mtu asiyejua mpira. Unashindana na mtu anayeujua, akiwa ametanguliziwa asilimia nane. Na kuna suala la kuchagua kwa mkono wako mwenyewe, linalokufanya uone una nafasi zaidi: mwaka 1975 mwanasaikolojia Ellen Langer aliuza tiketi za bahati nasibu kwa dola moja, wengine wakichagua yao, wengine wakipewa. Alipotaka kuzinunua tena, waliopewa walitaka wastani wa dola 1.96. Waliochagua walitaka 8.67. Tiketi zilikuwa na nafasi ileile.

Kuhusu dai kwamba wanaobeti hawana akili, au ni wavivu: kuna ushahidi mmoja unaolimaliza. Wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, ambao wengi ni wazee wa watu wenye heshima zao, hupewa dawa zinazoiga kazi ya dopamini, kama pramipeksoli. Baadhi yao, ambao hawajawahi kucheza hata karata za hela, huanza kucheza kamari kwa kasi ya kutisha, na dawa ikipunguzwa au kubadilishwa wengi huacha. Akili haikubadilika hapo katikati. (Aliye na mzee nyumbani anayetumia dawa hizo amweleze daktari akiona dalili, asizisitishe ghafla mwenyewe.) Kwa vijana kuna la ziada: sheria ya Tanzania inaruhusu kuanzia miaka 18, wakati sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayozuia mkono, inaendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini.

Kwa kuwa kumbukumbu inapendelea mshangao, dawa ya kwanza ni daftari. Safu tatu: tarehe, kilichotoka, kilichoingia, kwa miezi miwili, na jumla kila Jumapili. Usiandike mechi wala "nimekosa moja." Ya pili ni kuingiza muda katikati: zima taarifa za programu kwenye simu, hamisha ushindi kwenda benki siku hiyohiyo, na ukishaliwa usiweke dau lingine mpaka saa 24 zipite, maana uamuzi wa shimoni ndio mbaya kuliko wote. Unaweza pia kuiomba kampuni ikufungie akaunti.

Tangu 2013 madaktari wa akili wa Marekani wameuweka uraibu wa kamari kundi moja na ulevi na dawa za kulevya. Hutazama dalili tisa, na nne ndani ya miezi 12 zinatosha: kuongeza dau ili msisimko uwe uleule, kukosa utulivu unapojaribu kuacha, kurudi kesho kufukuzia hasara, kudanganya nyumbani, kukopa kwa sababu ya kamari, na nyingine za namna hiyo. Tiba yenye ushahidi zaidi ni mazungumzo ya kubadili fikra na mazoea, wiki kadhaa, na pa kuanzia kuulizia ni kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa. Katika vikao hivyo mshauri huchukua mikeka ya mtu mwenyewe na kumwuliza, mmoja baada ya mwingine, alipoona imebaki mechi moja alidhani nafasi yake ni ngapi, kisha wanaihesabu pamoja. Anayekwenda aende na simu yenye kumbukumbu za miamala ya miezi mitatu.